Kiondo Kitupu kwa Bi. Gathoni

Ilianza Jumatatu ya wiki ya Krismasi, mwaka wa 1998, saa nne na robo asubuhi. Mama Wambui alipanda ngazi za ofisi yetu pale soko la Jericho, akavua viatu mlangoni kama mtu anayeingia nyumba yenye zulia, akasema anataka "ile kadi inayocheza". Nitaeleza yote. Ila mnivumilie nikipandisha sauti hapa na pale, maana sasa ni Machi na hasira yangu haijapungua hata kidogo.

Nawaandikia nyinyi wasichana mnaomaliza kidato cha nne na kutafuta kazi katika hizi ofisi za kompyuta zinazofunguliwa kila mtaa, huku kwetu Kaloleni mpaka kule Komarock. Mtanicheka, mtu wa miaka kumi na tisa kujiita mstaafu. Chekeni. Nimefanya kazi, nimeijua, nimeiacha, sirudi. Sijui mstaafu ni nani kama si huyo. Tena mjue mimi si mtu wa kuongea. Shuleni mwalimu wa historia alifikiri mimi ni mgeni mpaka siku ya picha ya darasa. Lakini jioni nikikaa na kalamu huwa sinyamazi, na haya nayaandika bila kuficha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Bwana Mutiso, mdosi wangu, alikuwa amefanya kazi ya teleksi mjini miaka mingi. Walipopunguza watu akachukua malipo yake, akanunua kompyuta mbili na printa, akafungua ofisi juu ya duka la mbegu. Tulipiga chapa barua, tulitoa nakala, na tulikuwa na anwani moja ya barua pepe. Moja, ya mtaa mzima. Fundi wa geti akiandikiwa na mteja wake, barua inakuja kwetu, tunaichapisha, tunaikunja, tunaandika jina lake juu, anakuja kuichukua. Hakuna aliyeona ajabu. Hata mapenzi yalipitia kwetu. Nilizisoma zote, kazi ilinilazimu, na sikusema lolote. Hapo aibu yangu ilikuwa na faida.

Laini ya simu tulikuwa tukishirikiana na kinyozi wa chini, Otieno. Tukiwa tunatuma barua, naye akiinua simu yake kumpigia mkewe, barua inakatika katikati na yeye anasikia modemu ikilia sikioni. Alikuwa akipanda ngazi na mashine ya kunyolea mkononi.

"Nafula, hiyo simu yenu ina mgonjwa?"

"Tulikuwa tunatuma, Otieno."

"Tumeni polepole basi. Inapiga kelele kama paka amefungiwa."

Kadi zinazocheza zilikuwa wazo la Bwana Mutiso, na sitamnyima sifa hiyo hata nikiwa na hasira. Aliona wafanyabiashara wa mtaani wana wateja wakubwa mjini, na wengine ng'ambo, na kila Desemba wateja hao wanapata kadi nyingi za karatasi mpaka hawazisomi. Akasema sisi tutawapelekea salamu zinazotikisika. Akanikalisha, akanifundisha. Alinifundisha vizuri, na hapo ndipo uchungu ulipo. Kama angekuwa hajui, ningemsamehe.

Basi niwape nanyi alichonipa, mchukue bure.

Picha inayocheza haichezi. Ni picha kadhaa zilizosimama, zinapishana haraka, jicho linadanganyika. Unachora ya kwanza kwa kipanya, unaihifadhi, kisha unachukua nakala yake na kusogeza kitu kimoja kidogo. Kidogo sana. Msichana mgeni katika kazi hii husogeza mkono wa mtu kutoka kiunoni hadi kichwani mara moja, halafu anashangaa kwa nini mtu wake anaonekana kama amepigwa na umeme. Rangi zisiwe nyingi. Kila rangi ina uzito, na uzito ndio unaofanya barua ikwame kwenye laini mpaka Otieno amkumbuke mkewe. Usichore anga. Acha nyuma pawe peupe. Ukitaka kitu kionekane kimeinuka, chora kivuli chake kikiwa mbali nacho, basi, watu wataamini.

Na mjifunze kuacha. Kadi yangu ya kwanza kulipiwa ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuwa na kampuni ya walinzi. Nilimchorea askari anayepiga saluti. Nilijivunia. Yule mzee akaja kuiona kabla haijatumwa, akavuta kiti, akamtazama askari akipiga saluti, akishusha mkono, akipiga saluti, akishusha.

"Ataacha saa ngapi?" akauliza.

"Haachi, mzee."

"Hata akiwa amechoka?"

Akamgeukia Bwana Mutiso. "Mwambie huyu msichana ampumzishe mtu wangu. Mteja ataona nanyanyasa wafanyakazi." Bwana Mutiso alicheka mpaka akakohoa, kisha akanionyesha mahali pa kuiambia picha icheze mara tatu na kusimama.

Lakini somo kubwa kuliko yote alinipa siku ile ile, mzee alipoondoka. Alichapisha kadi ya askari kwenye karatasi, akaniwekea mbele. Kwenye karatasi askari alikuwa amesimama, mkono chini, uso umenuna. Ilikuwa picha ya kwanza peke yake. Saluti haikuwepo.

"Unaona?" akasema. "Wakubwa wa mjini hawasomi imeli kwenye skrini. Katibu anazichapisha asubuhi, anazipeleka kwenye faili pamoja na gazeti. Bosi anasoma akinywa chai. Na karatasi haichezi, Nafula. Picha ya kwanza ndiyo kadi. Zingine ni za kuwafurahisha makatibu."

Karatasi haichezi. Nilikwenda nayo nyumbani nikiirudia njiani. Tangu siku hiyo kila kadi niliyochora, picha ya kwanza ilikuwa imekamilika, ina salamu, ina jina, mtu akiiona hiyo peke yake anaelewa kila kitu.

Sasa turudi kwa Mama Wambui na viatu vyake mlangoni.

Mama Wambui ndiye kiongozi wa akina mama wa vyondo, vile vikapu vya kusuka. Ni watu wa Kaloleni na Jericho, wengine wa kutoka Murang'a kama yeye, wengine wa kule magharibi kama sisi. Wale wa Murang'a wanasuka, na mama yangu, aliyezaliwa Bungoma na hajui kusuka hata kamba, anashona mikanda ya ngozi. Vyondo vyao vingi vilikuwa vikinunuliwa na mtu mmoja, Bi. Gathoni, mwenye duka kubwa mjini. Kila Januari aliagiza vya mwaka mzima. Bi. Gathoni akikataa, hakuna Januari. Nyumba zile zote zinakula hapo, na yetu ni mojawapo.

"Nataka kiondo," Mama Wambui akasema. "Kitoe vitu. Nanasi, machungwa, maua. Aone mikono yetu haijalala."

"Na maneno?"

"Andika tu, tunakushukuru kwa mwaka huu. Halafu majina yetu. Usisahau jina la mama yako, ataninunia."

Nilichora siku mbili. Nimechora vitu vingi lakini kile kiondo nilikipenda. Mistari yake niliisuka kidoti kwa kidoti, ya kahawia na ya zambarau, nikimuuliza Mama nyumbani rangi inaanzia wapi. Picha ya kwanza ilikuwa kiondo kimejaa pomoni, nanasi limechungulia, maneno ya shukrani chini, na majina. Kisha machungwa yanaruka yanarudi, ua linafunguka, basi, mwisho kinasimama kimejaa vile vile.

Jumanne jioni Bwana Mutiso alirudi kutoka mjini amechangamka. Alikuwa ameonyeshwa kompyuta mpya kwa rafiki yake. Akaitazama kadi yangu, akaguna.

"Ni nzuri. Lakini haina msisimko. Ingeanza kikiwa kitupu, halafu kijae polepole, halafu maneno yaje mwisho. Watu wanapenda kungoja."

Nikasema kwa sauti yangu ile ya chini, "Na karatasi?"

"Karatasi ni mambo ya teleksi, Nafula. Siku hizi watu wana mashine. Nenda nyumbani, nitaituma mimi."

Nikaenda. Nilidhani ataituma kama ilivyo. Sikudhani ataifungua, aondoe picha zangu za mbele, afute vitu vyote ndani ya kiondo kimoja baada ya kingine, na kuhamisha salamu na majina mpaka picha ya mwisho ili ya kwanza iwe nyepesi. Kiondo changu kikabaki mdomo wazi, hakuna kitu ndani, hakuna hata neno. Akakituma kwa Bi. Gathoni kikiwa hivyo, juu yake kichwa cha barua tu, kwamba ni Krismasi njema kutoka kwa akina mama.

Lazima niseme jambo ambalo nyinyi wa leo mnaweza kulichukulia kirahisi. Kwetu jirani akikuletea unga kwenye kiondo, humrudishii kitupu. Unatia chochote, hata mahindi mawili, hata sukuma wiki ya shambani kwako. Mama Wambui alilelewa hivyo, mama yangu alilelewa hivyo, na Bi. Gathoni, kwa lipstiki yake yote na duka lake la vioo, alilelewa hivyo. Kumpelekea mtu kiondo kitupu, tena sikukuu, ni kumwambia umekuja kwake mwaka mzima na hukuona kitu. Au ni kumwambia, tia.

Katibu wake alikichapisha Jumatano asubuhi. Alikiweka kwenye faili, pamoja na gazeti. Bi. Gathoni akaletewa pamoja na chai.

Mchana Otieno alipanda ngazi mbio, poda ya mteja bado iko mikononi. "Mutiso, kuna mama kwa simu anaongea kama mwalimu mkuu. Anataka Mama Wambui. Nimemwambia hayuko, akasema basi nichukue ujumbe, na mimi sitaki kuuchukua, njoo uuchukue mwenyewe."

Bwana Mutiso alishuka. Alipopanda hakunitazama. Aliketi, akapanga kalamu zake, akazipanga tena.

Baada ya saa moja hivi wakaja Mama Wambui na mama yangu. Kumbe Bi. Gathoni alikuwa amemtuma pia mfanyakazi wa duka sokoni na ile karatasi. Mama Wambui aliiweka juu ya meza. Hiki hapa kiondo changu, wazi kama kisima kilichokauka.

"Ameniambia Januari tusijisumbue," Mama Wambui akasema. Sauti yake haikupanda. Ingepanda ningejisikia afadhali. "Ameuliza, mimi niliwanyima nini? Mutiso, hii ni nini?"

Wateja walikuwepo, wawili wa kutoa nakala na mmoja wa barua. Bwana Mutiso akainua mikono kama mtu anayeonyesha hana silaha.

"Mama, mimi nilibonyeza tu kutuma. Kuchora ni kazi ya msichana. Ndiye huyo hapo."

Ndiye huyo hapo. Baada ya misimu miwili ya kazi ndio jina alilonipa. Hakusema Nafula. Alininyooshea kidole cha kushikia kalamu.

Na mimi nilifanya nini? Nilitazama sakafu. Maneno yote yalikuwepo, nayajua, nilikuwa nayo yamepangana kooni moja nyuma ya lingine, na sikutoa hata moja. Mama yangu akanikaribia.

"Wewe Nafula. Ni nani alikufundisha kupeleka kiondo kitupu kwa mtu? Ni mimi?"

Mbele ya watu wa nakala. Mmoja wao akajifanya anasoma kalenda ukutani. Mama Wambui akamshika Mama mkono wakashuka, na mimi nikabaki na Bwana Mutiso, ambaye alisema, bila aibu yoyote, "Yatapoa."

Jioni nyumbani Mama hakushona. Mikanda ilikuwa imelala kwenye beseni, akaiacha. Alinipakulia ugali kama kawaida, akakaa upande wa pili wa meza. Nikamwambia yote. Nilianza na askari wa saluti nikamalizia na kidole, sijui nilipitia wapi. Alinisikiliza mpaka chakula kikapoa.

"Mbona hukusema pale?"

"Nilishindwa."

"Nikienda mimi kumwambia Gathoni kwamba si mtoto wangu ni mkubwa wake, ataamini? Kila mama husema hivyo."

"Hawezi kuamini."

"Basi?"

Nikafikiri. "Aseme yeye."

"Mutiso? Mutiso ataenda kwa Gathoni kusema amekosa?" Mama akacheka, kicheko kifupi, cha puani. Kisha akanitazama muda. "Sisi na Mama Wambui kesho asubuhi tutakuwa kwa mlango wa lile jengo. Ukija naye, tutakuona. Ukija peke yako, tutarudi nyumbani pamoja."

Asubuhi yake nilikuwa langoni kwa Bwana Mutiso, Komarock, kabla hajavaa shati. Alitoka na fulana, mswaki mdomoni.

"Nafula? Ofisi imevunjwa?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Nimekuja tuende kwa Bi. Gathoni."

Akatoa mswaki. "Nitampigia Januari, akishatulia."

"Januari atakuwa ameshanunua kwa wengine."

"Nafula, nenda ofisini, ufunguo unao."

Sikwenda. Nilishika chuma cha lango, nikaonekana kama mtu aliyeng'ang'ania lango la watu. Jirani alisimama na ndoo yake. Mke wa Bwana Mutiso akatoka, Mama Kioko, kitambaa kichwani.

"Baba Kioko, huyu si msichana wa ofisi? Anataka nini?"

"Ni mambo ya kazi tu. Rudi ndani."

"Mambo ya kazi hayaji langoni kesho ikiwa ni Krismasi," akasema Mama Kioko. Akanigeukia. "Sema, mama."

Nikasema. Nilisema kwa pumzi moja na nilimwambia yeye, kwa sababu yeye alikuwa ameuliza. "Kadi ya akina mama niliichora kiondo kikiwa kimejaa, Bwana Mutiso akakiondolea vitu, akakituma kitupu kwa mnunuzi wao, amewakataa, na jana mbele ya mama yangu akasema ni mimi."

Mama Kioko akamtazama mumewe. Alitazama kwanza uso, kisha mswaki.

"Kitupu?"

"Nilitaka kipendeze."

"Baba Kioko. Kitupu?"

"Kilikuwa kinajaa baadaye, kwa skrini..."

"Vaa viatu," akasema Mama Kioko.

Tulifika mjini maduka yanafunguliwa. Mama na Mama Wambui walikuwa pale mlangoni mwa jengo walivyosema, wamevaa za kanisani. Hatukusalimiana sana. Bwana Mutiso alipita kama hajawaona, akapanda, nami nyuma yake.

Bi. Gathoni ni mwanamke mdogo wa umbo, miwani imening'inia kifuani. Alimwonyesha kiti. Mimi sikuonyeshwa kiti, na sikukitaka. Nilisimama mlangoni, mgongo kwenye mlango, nikiwa nimeufunga.

Bwana Mutiso akaanza na teknolojia. Akasema mama unajua, teknolojia hii bado ni changa kwetu, mashine tofauti zinasoma kwa njia tofauti. Akasema habari ya printa. Akafika hadi kampuni ya simu. Bi. Gathoni alimwacha aende mpaka akaishiwa.

"Nani alikifanya kitupu?" akauliza.

Bwana Mutiso akageuka nyuma kutafuta mlango, akaniona mimi. Sikumsaidia, na sikusogea.

"Ni mimi," akasema.

"Na huyu msichana?"

"Alikichora kimejaa."

"Na wale akina mama walijua?"

"Hawakujua."

Bi. Gathoni akavaa miwani, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Waambie waniletee Januari kama kawaida. Na vile vya mikanda mirefu waongeze, vimependwa. Lakini kadi za kucheza sitaki tena. Wakitaka kunisalimu waje, mimi nipo."

Kwenye ngazi Bwana Mutiso alipanguza paji la uso, akashuka hatua kadhaa. Nilingoja. Kusema kweli nilingoja neno moja tu, na kama lingekuja huenda leo ningekuwa pale Jericho nachora mayai ya Pasaka. Akasema, "Jumatatu uje mapema, kuna kadi za mwaka mpya."

"Sitakuja."

"Usiwe mtoto, Nafula."

Nikashuka nikamwacha nyuma. Mama Wambui aliponiona peke yangu akaanza kufunga leso yake kiunoni, tayari kwa lolote. Nikawaambia Januari wapeleke, na mikanda mirefu iongezwe. Mama Wambui akashika ukuta.

Mama yangu akauliza, "Alisema nani, wewe au yeye?"

"Yeye. Mimi nilisimama tu mlangoni."